Bibi hakuwa mkorofi

Nilikuwa Tanga kwa bibi, na nimerudi na jambo linalonikereketa rohoni.

Bibi yangu ana miaka 74. Aliuza maandazi miaka mingi, na madeni ya wateja wote aliyaweka kichwani. Basi mwaka jana akaanza kubadilika. Kwanza aliacha kwenda kwenye upatu na wenzake. Ukimuuliza, anajibu, "Sitaki tu." Halafu hasira. Chai ikichelewa kidogo, nyumba nzima inawaka. Usiku anaamka mara tatu kuangalia kama mlango umefungwa. Sisi tukasema ni uzee. Shangazi akasema anadeka. Jirani mmoja akaanza kunong'ona habari za uchawi, si mnajua vikongwe wanavyosemwa nchini kwetu.

Siku moja akasema binti wa kazi kamwibia shilingi elfu arobaini. Binti akalia, akaapa. Tukamfukuza. Mimi, mwandishi wa habari niliyefundishwa kusikiliza pande zote mbili, ndiye niliyemkatia tiketi ya basi. Wiki tatu baadaye pesa zikaonekana kwenye kopo la unga, zimefungwa vizuri kwenye kitambaa cha bibi mwenyewe.

Ndipo tukampeleka hospitali. Daktari alimwambia akumbuke maneno kadhaa, kisha achore saa. Akatueleza kuwa kuna hali iliyo katikati ya usahaulifu wa kawaida wa uzee na ugonjwa wa demensia. Mtu bado anapika na kujihudumia, ila kumbukumbu imepungua kuliko wenzake wa umri ule. Mara nyingi hali hiyo huja na huzuni, wasiwasi, hasira za karibu na kukosa hamu ya mambo aliyoyapenda. Wapo ambao tabia hubadilika hata kabla kumbukumbu haijayumba. Nimesoma kuwa mwaka 2016 wataalamu walitoa vigezo vyake: mabadiliko yanayoanza mtu akiwa na miaka 50 au zaidi, yakadumu angalau miezi sita.

Si wote wanaoishia kwenye demensia. Wengine hubaki hapo hapo, na wengine hurudi hali ya kawaida. Ndiyo maana daktari alipima pia damu, tezi ya shingo, vitamini B12 na masikio, na akauliza kuhusu sonona. Hayo yanaweza kuvuruga kumbukumbu, na yana tiba.

Siku hizi bibi akisema kaibiwa, hatubishani naye. Tunamsaidia kutafuta. Amepungua ukali.

Binti nilimpigia simu kuomba radhi, nikamtumia na mshahara tuliomdhulumu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, kaka," akakata. Kwao alirudi na jina la mwizi, na jina hilo sijui kulituma liende wapi.

Je, nyumbani kwenu kuna mzee aliyebadilika mkasema ni uzee tu? Mpelekeni akapimwe, kabla hamjamfukuza mtu.