Kwanza Wajue Kuanguka

Natoa ushuhuda huu kwa ajili ya kila anayefundisha watoto mchezo ambao majirani wanaona hauna faida.

Mimi hufundisha watoto wa Kisumu kucheza kwa viatu vya magurudumu: kuzunguka kwa mguu mmoja, kwenda kinyumenyume, kuruka na kutua bila kuyumba. Uwanja wa barafu tuliousikia ni ule wa hoteli ya Panari, Nairobi, uliofunguliwa mwaka 2005. Sisi tuna saruji na lami. Viatu tunavipata kwenye mitumba ya soko la Kibuye. Beringi tunaziosha kwa mafuta ya taa, kisha tunazitia mafuta ya cherehani.

Machi 2020 korona ilifunga shule, mikusanyiko ikakatazwa, na kazi yangu ya hotelini ikaisha. Mwaka huohuo maji ya Ziwa Victoria yalipanda, yakaingia katika makazi ya Dunga na Usoma hapa Kisumu. Baadhi ya watoto wangu walihama na wazazi wao. Wengine walishinda sokoni wakimsaidia mama kuuza omena. Kodi ilinilemea, nikashauriwa niuze vile viatu ninunue unga. Usiku niliomba, asubuhi nikaona bado siwezi kuviuza.

Nikaanza kuwapitia watoto nyumbani, mmoja mmoja, nikisimama mlangoni. Kila mtoto nilimwachia zoezi dogo: simama kwa mguu mmoja, pekupeku, ukihesabu, kesho yake ongeza kidogo. Nikirudi, swali langu lilikuwa lilelile: "Unaweza nini leo ambacho wiki jana hukukiweza?" Niliona nyuso zikichangamka hata katika nyumba zisizo na chakula cha kutosha. Na mimi nikapata sababu ya kuamka.

Tuliporuhusiwa kukutana tena, hofu ilikuwa imewaingia. Binti mmoja aliwahi kuanguka vibaya, akawa hataki hata kusikia habari za kuzunguka. Sikumwambia aache woga. Tulirudi kwenye kuanguka: kunja magoti, shuka chini, elemea upande, kunja ngumi vidole visikanyagwe. Kisha robo ya mzunguko, nusu, hadi mzunguko mzima. Wenzake tuliwazoesha kumpigia makofi anapoinuka, wala si anaporuka tu.

Waliochoka niliwasimulia habari za Philip Boit, Mkenya aliyeshindana kuteleza kwenye theluji katika Olimpiki ya Nagano mwaka 1998. Alimaliza wa mwisho, lakini mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri mstarini akamkumbatia. Watoto huniuliza, "Kocha, kwa nini alimsubiri?" Nawaachia swali hilo walijibu wenyewe, na majibu yao hunitia nguvu kuliko hotuba yoyote.

Maisha bado ni ya kubangaiza, ila viatu vipo na watoto wapo. Yule binti sasa ndiye anayewafundisha wadogo kuanguka.

Ndugu yangu unayefundisha huku mfuko ukiwa mtupu, usingoje uwanja mzuri. Mpe mtoto jambo moja analoweza kulikamilisha leo, mtajie waziwazi alichokifanya vizuri, na kesho mpitie tena. Mtoto anayejua kuna mtu atakayekuja kumuuliza ameendeleaje, huyo hakati tamaa upesi. Wala mwalimu wake.