Msaidizi wa Manju

Katika kirumbizi cha visiwani, watu wawili hukabiliana kwa bakora, na nadra mtazamaji kuuliza ni nani aliyewafunza. Huko bara, katika nchi ya Wasukuma iliyouzunguka mji wa Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu tangu mwaka 2012, mfunzaji naye husahauliwa vivyo hivyo.

Mashindano ya huko ni ya ngoma. Baada ya mavuno, kati ya Juni na Agosti, hukutana Bagika na Bagalu, vyama viwili vinavyonasibishwa na mahasimu wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Huingia uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja. Hakimu ni miguu ya watazamaji: upande uliozungukwa na umati mkubwa zaidi ndio ulioshinda.

Jina linalobaki ni la manju, mtunzi na kiongozi. Nyuma yake yupo msaidizi, anayewazoeza vijana hatua na kurudia kiitikio mpaka kikae vinywani mwao. Siku ya mashindano husimama pembeni. Mguu mmoja ukichelewa, umati huhama, na lawama humfikia yeye kwanza.

Wapo wanaozeeka katika nafasi hiyo. Je, umri huo umepotea? Manju huondoka na sifa za msimu. Lakini vijana wanaporusha majembe ya bugobogobo na kuyadaka kwa pamoja, mikono yao humkumbuka mtu ambaye vinywa vyao havimtaji.