Mikoko ya Pate na Wanafunzi Wake: Maisha ya Kazi Mbwajumali

Utafiti wa uzamili na uzamivu, yaani ule unaofanywa na wanaosomea shahada ya pili na ya tatu, umeifuata pwani ya Lamu kwa sababu iliyo wazi: sehemu kubwa ya mikoko ya Kenya imo huku. Mpango wa kitaifa wa usimamizi wa mikoko wa mwaka 2017 hadi 2027 unataja hekta 61,271 kwa nchi nzima, na kati ya hizo hekta 37,350 ni za Lamu, ambako kisiwa cha Pate kimehesabiwa kuwa eneo linalojitegemea. Mbwajumali, kijiji kilicho kaskazini ya kisiwa hicho, jirani na Faza, kimeishi kwa bahari na msitu huo tangu kale, na wasomi wa botania, kemia, fizikia na zuolojia wanaofika huko huwakuta watu ambao tayari wana elimu yao.

Mwandishi wa tawasifu hii alizaliwa katika nyumba ya wakataji wa mikoko, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuhesabu korija za boriti, korija moja ikiwa miti ishirini. Baadaye akawa msaidizi wa watafiti waliohitaji mtu wa kuwaongoza katika mahori, yaani mikono ya bahari inayoingia msituni, na mwishowe akasomea mwenyewe shahada ya uzamili katika ikolojia, elimu ya uhusiano wa viumbe na mazingira yao. Amesimama, basi, pande zote mbili za kamba ya kupimia, na hukumu anazozitoa hapa zimetokana na hali hiyo.

Kazi ya msituni huanza kwa kuweka miraba, kwa kawaida ya mita kumi kwa kumi, iliyopangwa katika mstari kutoka ukingo wa maji hadi nchi kavu, kwa kuwa aina za miti hubadilika kadiri mtu anavyoiacha bahari nyuma yake: mlilana hutangulia mbele ya mawimbi, mkoko wenyewe hufuata, kisha muia na mkandaa, na mchu huzidi kuonekana kule juu ambako maji hufika wakati wa bamvua tu. Ndani ya kila mraba hupimwa kipenyo cha kila shina kwenye kimo cha sentimita 130, isipokuwa mkoko, ambao kwa kusimama juu ya mizizi iliyopinda kama mbavu za jahazi hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Kazi hii inachosha, tope hufika magotini na mbu hawana huruma, lakini mwandishi hajaona njia nyingine inayomfundisha mwanafunzi kuutazama mti mmoja mmoja, na anaamini kwamba picha za setilaiti, pamoja na faida zake zote, hazitoshi kwa mtu ambaye hajapita humo kwa miguu.

Mwanafunzi wa kemia huja kwa ajili ya udongo. Huingiza bomba refu katika tope, akatoa mashapo, yaani chembechembe zilizotuama kwa miaka mingi, akayakausha, akayasaga na kuyachoma katika tanuri la nyuzi 450 hivi, ili uzito uliopotea umwonyeshe kiasi cha mabaki ya viumbe na, kwa makadirio, kiasi cha kaboni. Uchunguzi wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba mikoko ni miongoni mwa misitu yenye kaboni nyingi zaidi katika nchi za joto, na kwamba sehemu kubwa ya kaboni hiyo imo ardhini. Mwanafunzi wa fizikia hupima kupwa na kujaa, na mwenzake wa zuolojia huchunguza kaa wanaokula miche iliyoanguka. Kila mmoja hurudi chuoni na fungu lake, na ni nadra mno kwa mafungu hayo kukutanishwa, ingawa yote yametoka katika hori moja.

Jambo lililomsukuma mwandishi kusoma lilikuwa swali la wazee wa kazi. Wakataji wanajua kwamba mchu ukikatwa huchipua kutoka kwenye kisiki, na kwamba mkoko mkubwa ukikatwa hufa palepale. Botania inaeleza kwamba shina la mkoko lililokomaa halina macho yaliyo hai ya kutoa machipukizi, na kwa hiyo msitu hurudi kwa miche tu, ile mirefu inayoanza kuota ingali imening'inia juu ya mama yake. Kutokana na hayo, wazee waliuliza ni miti mama mingapi iachwe ili mahali palipokatwa pajae tena, na hilo likawa swali la tasnifu yake. Jibu halikuwa namba moja, kwa sababu palipo na mkondo wenye nguvu miche huchukuliwa na maji, na palipo na kaa wengi huliwa kabla ya kushika ardhi. Ili kulijibu swali la mkataji mmoja ilibidi fizikia, zuolojia na botania ziulizwe kwa pamoja.

Mfano alioutegemea ulikuwa wa James Kairo, mtafiti wa taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, ambaye tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 2001 katika Vrije Universiteit Brussel ilihusu ikolojia na urejeshaji wa mikoko ya Kenya. Kazi ya upandaji na upimaji aliyoifanya na wenzake Gazi, Kwale, ilizaa mradi wa Mikoko Pamoja, unaouza hifadhi ya kaboni tangu mwaka 2013 na kuwapatia wanakijiji fedha za maji na za shule. Vipimo vya mwanafunzi vinaweza kufika kwenye bomba la maji la kijiji, na mwandishi haoni kwa nini Pate isipate mfano wa hilo.

Mazingira ya kazi hayakuwa mepesi. Amri ya kutotoka usiku iliyowekwa Lamu mwaka 2014 baada ya mashambulizi katika mji wa Mpeketoni iliwazuia watafiti kupima maji ya usiku, na mwanafunzi ambaye muda wa ufadhili wake unahesabika hawezi kungoja.

Kutokana na yote aliyoyaona, mwandishi anawaomba wasimamizi wa tasnifu mambo matatu ambayo yako ndani ya uwezo wao: swali la utafiti lizungumzwe na wakataji na wavuvi kabla halijaandikwa, msaidizi aliyetoa maarifa yake atajwe miongoni mwa waandishi pale anapostahili, na matokeo, pamoja na takwimu zake, yaachwe Mbwajumali kwa Kiswahili, katika shule au msikiti, kabla ya mwanafunzi kuvishwa joho.