Kosa la Nani?



Baba yangu mkubwa alikuwa mfanyakazi wa reli hapa Kamina. Kazi yake ilikuwa kuunganisha mabehewa: haya yaelekee Lubumbashi, haya Kalemie, haya Ilebo. Siku moja kikombe cha chai kilimponyoka. Baada ya miezi michache hakuweza kufunga vifungo vya shati. Kisha ulimi ukawa mzito, na mikono ile yenye nguvu ikakonda. Lakini akili yake ilibaki timamu. Alitutambua sote, akasikia yote tuliyosema.

Daktari mmoja wa Lubumbashi alitaja ugonjwa wa Charcot, ulioitwa kwa jina la tabibu Mfaransa aliyeueleza mwaka 1869. Ukoo haukuridhika na jina hilo. Ulitaka jina la mtu. Katika kikao cha jamaa, macho yote yalimwelekea shangazi, dada yake mkubwa, mjane asiye na mtoto. Wakasema yeye ndiye mlozi. Mimi nilikuwa na miaka 19, nami nikanyamaza. Kesho yake alfajiri shangazi alifunga mzigo wake, akaenda kijijini. Hakuna aliyemsindikiza.

Miaka ilipita, nikasomea uuguzi, na huko nikajifunza mambo ambayo siku ile sikuyajua. Ndani ya seli za mwili zimo jeni, yaani maagizo tuliyoyarithi kwa wazazi wetu. Agizo linapohitajika, hunakiliwa katika RNA, na nakala hiyo hupelekwa mahali protini zinapotengenezwa. Nakala haisafiri peke yake. Ziko protini zinazoishika, zinazoikata inavyotakiwa na kuiongoza, kama baba mkubwa alivyopanga mabehewa yake. Moja huitwa TDP-43, nyingine FUS. Makao yao hasa ni kiini cha seli. Lakini kwa karibu wagonjwa wote wa Charcot, TDP-43 huonekana imeondoka katika kiini na kurundikana nje yake. Hapo hasara ni mbili: ndani kazi imekosa mfanyakazi, na nje rundo linaidhuru seli. Neva zinazoamuru misuli hufa, na misuli isiyopata amri hunyauka.

Watafiti waliitambua TDP-43 katika marundo hayo mwaka 2006. Mwaka 2008 walionyesha kwamba hitilafu katika jeni yake yaweza kuleta ugonjwa huu, na mwaka 2009 wakaonyesha vivyo hivyo kwa jeni ya FUS. Hata hivyo, wagonjwa wapatao 9 kati ya 10 hawana jamaa aliyewahi kuugua. Basi tusimwondolee shangazi lawama ili tuutwike ukoo laana. Hitilafu ya jeni si dhambi ya mtu, wala si deni la mababu.

Wanafunzi wa Yesu, walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, waliuliza kosa ni la nani, lake au la wazazi wake. Yesu alikataa swali lenyewe. Sisi tuliliuliza tena nyumbani kwetu, tukalijibu kwa jina la mjane.

Baba mkubwa alikuwa amekwisha kufariki nilipokwenda kijijini kuomba radhi. Nilianza kueleza habari za seli na protini. Shangazi alinisikiliza, kisha akauliza jambo moja tu: “Mwanangu, siku za mwisho, nani alimlisha?” Nikakosa la kusema, kwa maana tulikuwa tukilishana zamu kwa kusitasita, na yeye angalimlisha kwa moyo.

Dawa ya kuponya ugonjwa huu haijapatikana. Lakini mgonjwa anahitaji mtu wa kumshika kijiko, na mzee anayeshtakiwa anahitaji mtu mmoja wa kusimama kikaoni na kusema hapana. Siku ile mtu huyo angeweza kuwa mimi. Siku yenu ikifika, msinyamaze.