Nafasi Mbele ya Lori

Lori lililobeba mawe ya Juja halisimami pale dereva anapotaka. Husimama pale uzito unapokubali. Nililisikia hili mara nyingi, lakini nililielewa siku niliyopanda na baba mdogo, ambaye ameendesha magari makubwa tangu nikiwa shule ya msingi. Tulikuwa tunapeleka mawe ya kujengea Ruiru.

Tulipokaribia eneo la Toll tulikuta wanaziba mashimo. Koni za rangi ya chungwa zilikuwa zimekata njia moja, vijana wanamwaga lami, na mbele yao mama mmoja ameshika bendera nyekundu, leso imefungwa chini ya kofia ngumu. Baba mdogo alitoa mguu kwenye mafuta mapema mno, nikadhani gari limeharibika. Akashusha gia, injini ikaunguruma, breki hakuzigusa. Mbele yetu ikabaki nafasi kubwa. Matatu ikaingia. Akaachia nafasi nyingine. Probox nayo ikaingia, kisha bodaboda iliyopakia mitungi ya gesi. Tanboi wetu, msaidizi wa dereva, uvumilivu ukamwisha.

"Mzee, utawapisha hawa mpaka jioni?"

"Hiyo nafasi si yangu wala si yao," alijibu. "Ni ya yule mama wa bendera."

Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa, kasi ya juu inayoruhusiwa malori Kenya, hula mita 22 kila sekunde. Macho yaone, akili ielewe, mguu ufike kwenye breki: sekunde nzima imekwenda. Kisha upepo unaosukuma breki usafiri hadi magurudumu ya nyuma. Ndipo kusimama kunaanza. Na mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kuuzima huhitajika mara nne. Mwenye gari dogo anayejipenyeza mbele ya lori huona pengo limeachwa bure, kumbe ameketi ndani ya breki za mtu mwingine.

Wanaolipa mara nyingi si wao waliojipenyeza. Tarehe 30 Juni 2023, pale Londiani, lori lilitoka barabarani likawavamia abiria wa matatu na wachuuzi waliokuwa kando ya njia. Walikufa watu zaidi ya 50. Baadhi yao hawakuwa wakienda popote. Walikuwa wakiuza bidhaa zao. Mfanyakazi wa barabara yuko vivyo hivyo, ila yeye huligeuzia lori mgongo kwa sababu kazi yake iko chini, kwenye lami.

Sisi wa Thika na Ruiru hatuna udhuru wa kutolijua hili. Tuliishi ndani ya ujenzi tangu 2009 hadi Rais Mwai Kibaki alipoifungua barabara kuu ya Thika Novemba 2012. Njia ya asubuhi haikuwa njia ya jioni. Tulivuka kwa kukimbia, watoto tumewashika mikono, kati ya matingatinga na magari ya mchanga. Barabara ilipokamilika tukapata kasi, tukasahau tahadhari.

Tena tumewanyima wafanyakazi hata alama zao. Kingo za chuma na nguzo za vibao zimekuwa ziking'olewa na kuuzwa kama vyuma chakavu. Januari 2022 serikali iliipiga marufuku biashara hiyo kwa muda, nyaya na milingoti ya umeme ilipokuwa ikiharibiwa, lakini kibao kilichong'olewa usiku bado kinaweza kumuua mtu asubuhi. Kibao kikikosekana, linabaki tawi la mti lililotupwa barabarani, au yule mama na bendera yake. Nawalaumu pia makandarasi wanaoweka onyo hatua chache tu kabla ya shimo. Onyo la karibu hivyo halimsaidii mwenye tani nyingi mgongoni.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza kwa nini tunataka kwanza tuone shimo ndipo tupunguze mwendo. Tunafanya hivyo hata nyumbani. Daktari akikwambia shinikizo la damu limepanda, unangoja kichwa kiume. Mke akisema mtoto amekuwa kimya, unangoja barua ya mwalimu. Baba mdogo hakuwa ameliona shimo lolote. Aliona bendera, ikamtosha.

Lakini subira yake ina gharama, na si haki kumwachia peke yake. Madereva wengi wa mawe hulipwa kwa tripu; anayechelewa anakosa ya pili. Anayewaharakisha ni sisi tunaojenga ploti huku, tunaopiga simu kila baada ya muda kuuliza, "Uko wapi sasa?" naye akiwa kati ya koni, mkono mmoja kwenye usukani.

Siku hizi nikiagiza mawe simpigii dereva akiwa njiani. Namuuliza kabla hajatoka machimboni atafika saa ngapi, naongeza saa moja juu yake, kisha nawaambia mafundi waanze na kuchanganya simiti ya upande ule mwingine.