Siku MC wetu alipoingia harusini bila honi

Wadau, jina lake nalihifadhi, ila kama unahudhuria harusi za Tukuyu unamjua: yule MC ambaye honi ya gari lake hufika ukumbini kabla yake. Jumamosi moja alinipa lifti toka Uyole. Tumepita Isyonje, giza limeingia, ukungu mzito na mvua ile yetu ya Rungwe, mara taa zote mbili za mbele zikazimika kwa pamoja. Nyuma yetu malori yanateremka kwenda Kasumulu. Siwafichi, nilisali.

Kijana wa bodaboda akasimama. "Braza, ukiwasha swichi unasikia tak?" Hakuna tak. "Basi balbu ni nzima, haziwezi kuungua zote mara moja. Hiyo ni rilei."

Mimi miaka yote nilidhani swichi ndiyo inayopeleka umeme kwenye taa. Kumbe taa mbili za wati 55 kwenye volti 12 zinakula ampea zaidi ya 9. Zikipita zote pale kwenye kiswichi, kitaungua. Swichi inapeleka umeme kidogo tu kwenye koili iliyo ndani ya rilei. Koili inageuka sumaku, inavuta kibati, kibati kinagusa upande wa pili, ndipo umeme mkubwa wa betri unapita. Ile tak ni kibati kinagonga. Ukizima, springi inakirudisha.

Akachomoa rilei ya honi, miguu minne sawasawa na ile mbovu, akaihamishia kwenye taa. Tak! Barabara hiyo hapo. MC akabaki anasema "ndaga fijo" tu.

Ukumbini tukaingia kimyakimya. Pale getini wakamuuliza kama kafiwa.