"Umezaa au Umezalishwa?" Stori ya Mtoto wa Pili wa Dada wa Nyakahura

Kuna maneno yanazunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp ya kina mama: ukizaa kwa dripu hujazaa, umezalishwa. Yaani kama vile leba ni mtihani, na kuna waliofaulu wenyewe na waliobebwa. Aliyepasuliwa anaambiwa kapita njia ya mkato. Aliyeanzishiwa uchungu anaambiwa kasukumwa. Aliyeshikwa na uchungu wake mwenyewe usiku wa manane, huyo ndiye anapewa maua yake.

Dada mmoja wa miaka 27, muuza vitenge na nguo za mtumba pale Nyakahura, wilayani Biharamulo, aliyabeba maneno hayo kwa miaka minne. Alianza kuyabeba siku alipotoka hospitali na mtoto wake wa kwanza.

Mtoto huyo alimzaa mjini, mbali na Kagera, kwenye hospitali ambayo jina lake halina haja hapa. Tarehe aliyoandikiwa kwenye kadi ya kliniki ilikuwa imeshapita. Akalazwa, akatundikiwa dripu. Kwa nini? Hakuambiwa. Ndani ya dripu kuna nini? Hakuambiwa. Alipouliza mara ya pili akajibiwa kwamba mbona mwenzake wa kitanda cha jirani katulia. Uchungu ukaja mfululizo, hakuna kupumua katikati, usiku mzima hadi kesho yake asubuhi. Mtoto akatoka salama, wa kike, na sauti yake kubwa. Mama yake naye akatoka na wazo moja kichwani: mwili wangu haujui kuzaa.

Nyumbani wifi mmoja alikuja kuona mtoto, akauliza huku anacheka, "Kumbe wa dripu?" Utani tu. Lakini si unajua utani wa siku ya tatu baada ya kujifungua, ukiwa huwezi hata kukaa vizuri? Unaingia ndani na hautoki.

Basi mimba ya pili ilipoingia akajiapiza: dripu, hapana. Mume wake ni dereva wa lori, safari zake ni Dar na Rusumo, mwezi mzima unaweza kuisha amelala nyumbani siku nne. Ilipofika miezi minane wakakubaliana aende kwa mama mkwe, huko vilimani Ngara, asije akashikwa usiku peke yake na mtoto mdogo. Akafunga duka, akapanda gari Nyakahura, akapita Benaco, akafika ukweni na begi la nguo za mtoto.

Mama mkwe alimpokea kama binti yake. Na mama mkwe naye ana historia yake ya leba. Huyo dereva alimzaa mwaka 1994, mwaka ambao mwishoni mwa Aprili watu takribani 250,000 walivuka mpaka wa Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa kama siku moja, Benaco ikageuka mji wa maturubai. Hospitali za misheni za Murgwanza na Rulenge zilikuwepo, lakini kutembea usiku kwenye vilima vile na uchungu ni kitu kingine. Akazalia nyumbani, mkononi kwa mkunga wa jadi, baada ya kunywa majani ya kuchemsha ya kuharakisha uchungu. Mtoto akatoka, mama akapona. Kwa hiyo alipomwona mkamwana wake anaogopa dripu, akafanya alilolijua. Akachemsha majani, akamletea kikombe kabla ya kulala. "Kunywa mwanangu, hutaitwa hospitali kutundikiwa kitu."

Akanywa. Usiku uliofuata akanywa tena.

Asubuhi yake ilikuwa siku ya kliniki. Wiki ya 39. Nesi wa zahanati akapima presha, akanyamaza, akapima tena mkono wa pili. 150 kwa 100. Akapima mkojo, ukaonyesha protini. Akamuuliza kama kichwa kinamuuma. Kilikuwa kinamuuma kidogo tangu jana, akadhani ni kulala vibaya.

Hapa inabidi kusimama kidogo, maana wengi hawaijui hii kitu. Presha inayopanda baada ya wiki ya 20 ya mimba, ikiambatana na protini kwenye mkojo, ni dalili ya ugonjwa ambao ukiachwa unaweza kuishia kwenye kifafa cha mimba: mama anadondoka, anakakamaa, na anaweza kufa yeye au mtoto. Vidonge vya presha vinasaidia kuituliza, lakini ugonjwa wenyewe hauanzi kuisha mpaka mtoto na kondo watoke. Mimba ikishakomaa, kusubiri uchungu uje kwa wakati wake ni kucheza kamari. Ndiyo maana daktari anaamua kuuanzisha. Haina uhusiano wowote na uvivu wa mama.

Nesi akapiga 115, ile namba ya m-mama ya usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliotoka kujifungua na watoto wachanga, ambayo Rais Samia alizindua kusambazwa kwake nchi nzima mwaka 2022. Gari likaja. Mama mkwe akapanda naye, khanga begani, chupa ya uji mkononi.

Hospitali wakamlaza, wakampa dawa ya presha. Mchana ukapita, saa 10 jioni akaja mkunga wa makamo, akavuta kiti. Hilo tu lilimshangaza yule dada, kwamba mtu amekaa chini. Mkunga akamwambia, "Dada, tunataka kukuanzishia uchungu. Nitakueleza kwa nini, halafu utaniuliza chochote."

Akatikisa kichwa kabla maelezo hayajaanza. "Sista, mimi dripu sitaki. Bora mnipasue."

Mkunga hakufoka. Akamuuliza kilichotokea mara ya kwanza, akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akamweleza. Kwamba hawataanza na dripu, wataanza na dawa ya kunywa, kipimo kidogo sana, mikrogramu 25 kila baada ya saa 2, na kila kabla ya kipimo kingine watampima yeye na kumsikiliza mtoto. Kwamba dawa hiyo ikizidishwa ni hatari, na kwamba aliyewahi kupasuliwa hapewi, kwa sababu kovu la zamani linaweza kuachia. Yeye hajawahi kupasuliwa. Na kwamba njia iliyokwisha kupitisha mtoto mmoja kwa kawaida hufunguka haraka zaidi kwa wa pili. "Mwili wako haukushindwa mara ya kwanza," akamwambia. "Ulizaa. Hakuna aliyekwambia tu kinachoendelea."

Yule dada akalia. Halafu akasema sawa.

Mkunga akasimama kwenda kuandaa dawa. Na hapo ndipo mama mkwe, aliyekuwa kimya muda wote pembeni ya kitanda, akasema.

"Sista, ngoja. Jana usiku nilimpa dawa yetu ya majani. Kikombe kimoja. Na juzi kimoja."

Mtu wangu, fikiria ujasiri wa kusema hivyo. Mama wa kijijini, mbele ya watu wenye sare, ndani ya wodi ambayo kila mgonjwa anasikia. Kina mama wangapi wananyamaza hapo? Wananyamaza kwa sababu wanajua kinachofuata: kufokewa, kuitwa washamba, kuambiwa wanataka kuua mtoto. Mkamwana mwenyewe alikuwa ameshaamua kukaa kimya.

Mkunga akarudi, akamshika mama mkono. "Asante mama kwa kusema. Umenisaidia."

Halafu akawaeleza wote wawili. Majani mengine yana nguvu kweli, ndiyo maana bibi zetu waliyatumia. Tatizo hakuna anayejua kikombe kimoja kina nguvu kiasi gani. Ukiongeza dawa ya hospitali juu yake, mfuko wa uzazi unaweza kubana bila kuachia. Mtoto tumboni anapata hewa yake vizuri pale mfuko unapoachia kati ya uchungu na uchungu. Usipoachia, anachoka. Na mfuko wenyewe unaweza kupasuka.

Daktari akaitwa. Wakaamua wasubiri usiku huo, wakiangalia presha kwa karibu, na ikipanda wabadilishe mpango. Usiku ule haukuwa mrefu kwa mgonjwa peke yake. Mama mkwe hakulala. Kila nesi alipokuja kusikiliza mapigo ya mtoto, alinyanyuka na yeye, akasubiri mpaka aone uso wa nesi uko sawa, ndipo akakaa. Mume alikuwa Rusumo kwenye foleni ya malori, anapiga simu kila nusu saa mpaka akaambiwa atunze chaji.

Asubuhi saa 1 presha ilikuwa imetulia, mtoto anapiga vizuri. Kipimo cha kwanza. Saa 3, cha pili. Saa 5, cha tatu. Kuelekea saa 7 mchana uchungu ukashika wenyewe, ukawa unakuja na kuondoka. Hilo la kuondoka ndilo lililomgusa. Mara ya kwanza ulikuwa hauondoki. Sasa alipata dakika za kupumua, kunywa maji, hata kucheka mama mkwe alipoanza kuhesabu kwa sauti kuliko nesi. Dawa haikuongezwa tena, dripu ya uchungu haikutundikwa. Saa 10 na dakika 20 jioni mtoto wa kiume akatoka, kilo 3.1, akaanza kulia kabla hajafutwa vizuri.

Dakika hiyohiyo mkunga akamchoma sindano ya paja. "Hii ya nini tena?" akauliza. Siku hizi anauliza.

"Oksitosini. Ya kuzuia damu isitoke nyingi. Ndiyo ileile inayowekwa kwenye dripu ya uchungu."

Haya sasa, rudini kwenye yale maneno ya grupu. Oksitosini ni homoni inayotengenezwa kwenye ubongo wa binadamu, ndiyo inayobana mfuko wa uzazi, na ndiyo inayotoa maziwa mtoto anaponyonya. Mkemia wa Marekani, Vincent du Vigneaud, aliweza kuitengeneza maabara mwaka 1953, na mwaka 1955 akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mama apewe dawa ya kuzuia kutokwa damu nyingi mtoto anapotoka, na oksitosini ndiyo chaguo la kwanza. Kila mama, hata yule aliyeshikwa mwenyewe usiku wa manane na akazaa dakika 40 baadaye. Kwa hesabu za kwenye grupu, basi karibu wote tumezalishwa na hakuna aliyezaa.

Vifo vya kina mama kutokana na uzazi nchini vilikuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 kwenye utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha 104. Nyuma ya namba hizo kuna wanawake wengi waliopimwa presha mara mbili, wakaambiwa ukweli, wakakubali kitu walichokuwa wanakiogopa. Na hao 104 waliobaki bado ni mama za watu.

Kwa hiyo ukiambiwa unaanzishiwa uchungu, kuuliza si ukorofi. Sababu ni nini? Mnatumia dawa gani na kwa kipimo gani? Mtamsikiliza mtoto kila baada ya muda gani? Isipofanya kazi, mpango wa pili ni upi? Na wewe nawe useme: uliwahi kupasuliwa, umekunywa nini, nani kakupa, lini. Kichwa kikiuma sana, ukaona maluweluwe, uso na mikono ikavimba, au ukasikia maumivu chini ya chembe ya moyo, usisubiri siku ya kliniki. Na haya hayaishi siku ya kujifungua, presha inaweza kupanda hata baada ya mtoto kutoka. Ndiyo maana yule dada aliwekwa hospitali siku tatu na akapangiwa kurudi kupimwa.

Mume alifika usiku, vumbi la Rusumo kichwani, akakuta mtoto amefungwa kwenye khanga ya bibi yake. Wifi naye alikuja siku ya tano, na swali lake lilelile, "Huyu naye wa dripu?"

Mama mkwe ndiye aliyejibu, wala hakuinua macho kutoka kwenye ndizi alizokuwa anamenya. "Huyu ni wa mama yake."

Yule chungu cha majani sasa kinapikia maharage. Na jirani mmoja mwenye mkamwana mjamzito alipokuja kuomba ile dawa, mama akamwambia wampeleke kwanza akapimwe presha.